Barua Arobaini na Moja za Bwegera

Bwegera, 6 Mei 2024

Mwanangu Generose,

Gloriose anashuka Uvira kesho na magunia yake ya mchele, nami nimemkabidhi karatasi hii. Atakukuta kwa mama yako, mtaani Songo. Ukijibu, mpe yeye huyo huyo akirudi, wala usinipigie simu. Simu ni ya kutangaza msiba na kuuliza bei ya chumvi. Jambo lenye uzito huandikwa, ili aliyelisema asije akalikana.

Mama yako ametangaza hadi kwenye kwaya kwamba umepata kazi katika ofisi ya Shirika, wale wa misaada kutoka Ulaya. Nikamwuliza ni kazi gani. Akasema: "Msaidizi wa utawala, wa muda." Mwanangu, nimefundisha miaka thelathini na minne, nimesoma magazeti mpaka yale yaliyofungiwa samaki, na bado sijui muda huo ni wa nani. Kama ni wako, wewe ndiye utakayeamua siku ya kuondoka. Kama ni wao, basi wamekuazima kama jembe. Lakini hata jembe la kuazima hulima. Keti, fanya kazi, usiwaonyeshe meno mapema.

Hapa mambo yako hivi. Mto ulipofurika mwezi wa nne ulibomoa mlango wa mfereji, pale maji yanapoingilia kwenda mashambani. Sasa mto unapita zake na mashamba yanautazama. Shirika limesema litajenga upya mifereji ya vijiji viwili kati ya saba vya bonde, na kwamba litachagua kwa kusikiliza maoni ya wananchi. Wakatuletea sanduku la bati lenye kufuli, wakalitundika kwa shefu, mkuu wa kijiji. Andikeni, wakasema. Mpunga lazima uwe kitaluni wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Maji yasipofika siku hizo, msimu umekufa, na watu watakula mihogo hadi mwakani.

Basi tumeandika. Kwa siku sita watu walikuja barazani kwangu, mmoja mmoja, nami nikashika kalamu, maana kati ya wakulima hawa wanaoweza kuandika ukurasa mzima bila aibu hawazidi watano. Barua arobaini na moja, kila moja na kidole gumba cha mwenyewe chini. Sikuacha herufi hata moja ichechemee. Na sikuandika kama ombaomba. Nimewaambia kwamba anayechelewesha maji anachagua nani ale na nani asile. Wakizisoma watakaa wima kwenye viti vyao.

Nawe ukiziona zikipita, usijifanye humjui aliyeziandika.

Baba yako mdogo,
Jean-Berchmans Ngendakumana


Songo, 10 Mei 2024

Baba Mdogo mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Gloriose amenifikishia barua yako na kilo mbili za mchele. Mama anasema asante.

Uliuliza muda ni wa nani. Nina kadi shingoni yenye picha yangu. Jina limeandikwa kwa herufi ndogo nyeusi, na tarehe ya mwisho, 31 Julai, kwa herufi kubwa nyekundu. Askari wa mlangoni ameacha kuniita kwa jina. Kila asubuhi husema, "Julai, umeamka?" Nami huitika.

Kazi yenyewe ni kunakili karatasi, kuandika barua zinazoingia katika rejista, kutafuta madereva, kupanga viti vya mikutano. Ziwa limepanda tena. Limeingia uani kwa ofisi hadi kwenye ngazi ya kwanza, na tumepandisha makabati yote ghorofani. Tunavuka uani juu ya mbao. Hakuna anayekaa. Watu wanakunywa chai wamesimama, wanaongea wamesimama, na kila mmoja anatazama dirishani kuhesabu ngazi zilizobaki. Nikirudi nyumbani miguu yangu bado inatafuta mbao.

Kuhusu barua za vijiji, nilitia sahihi karatasi ya kutunza siri, kwa hiyo usiniulize. Na ninakuomba kitu kimoja. Usimwambie mtu yeyote wa Shirika akija huko kwamba mimi ni mtoto wa kaka yako. Si kwa ubaya. Si vizuri kwa sasa, basi.

Mwanao,
Generose Irankunda


Bwegera, 17 Mei 2024

Generose,

Soma hili, ndilo lililobandikwa jana juu ya sanduku lao:

"Kijiji cha Bwegera kimesimamishwa katika uchaguzi. Barua zote zilizopokelewa ni za mwandiko mmoja, jambo linaloashiria kughushi. Uamuzi wa mwisho utatolewa tarehe 15 Juni."

Kughushi. Nimelitazama neno hilo mpaka macho yakauma. Karani wa mahakama huandika kesi za mji mzima kwa mkono mmoja, na hakuna hakimu aliyewahi kusema kesi ni moja. Seremala mmoja anachonga misalaba yote ya makaburi ya parokia yetu. Kwa hesabu ya Shirika, tangu nizaliwe amekufa mtu mmoja tu.

Wanakuja kwenye nchi ambayo shule zake zilifungwa na vita, mishahara ya walimu isiyolipwa na uvivu wa serikali, wanaona watu hawaandiki, halafu wanawapa sanduku la kuandikia. Anayejua kuandika akiwasaidia wasiojua, anaitwa mwizi. Wangetaka nini? Wangetaka wale arobaini wachore kuku?

Na hapa nyumbani hali imechafuka. Ildephonse, yule ambaye shamba lake liko juu kando ya mto, alisimama mbele ya baraza langu jana asubuhi na ndoo tupu mkononi. Akasema, "Mwalimu, mwandiko wako mzuri umetukausha." Watu wakacheka. Nimewafundisha nusu yao kufunga vifungo vya shati, na wakacheka.

Sasa nataka jina. Mtu fulani, kwa mikono yake, amezishika barua zile na kuzitia alama. Uko ndani ya ofisi hiyo, unapita mlangoni, unajua nani anakaa meza gani. Niletee jina lake nami nitaliandikia barua ya wazi ambayo redio zote za Uvira zitaisoma wiki nzima, mpaka mama yake mzazi abadili parokia.

Jean-Berchmans


Songo, 21 Mei 2024

Baba Mdogo,

Usiwaandikie redio. Aliyezitia alama ni mimi.

Acha nieleze, kisha utatukana. Barua za masanduku zinafika mezani kwangu. Nazipa namba, nazifupisha kwa Kifaransa katika jedwali. Kila barua ina nafasi ya maneno arobaini, haiongezeki. Juu ya meza imebandikwa kanuni: barua zenye mwandiko mmoja zifungwe pamoja kwa utepe wa manjano, zihesabiwe kuwa barua moja, zipelekwe kwa mkuu wa utawala, Bwana Frédéric. Waliiweka baada ya shefu wa kijiji kimoja kuandika barua sitini kwa majina ya watu ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Bahasha ya Bwegera niliifungua tarehe 8. Niliujua mkono wako kabla ya kusoma neno. Ile J yenye mkia, niliyochapwa kwa ajili yake darasa la pili. Nilipokuandikia tarehe 10 nilikuwa nimeshazifunga.

Kwa nini sikusema? Siku ya kwanza kazini nilijaza fomu inayouliza kama nina ndugu, hadi baba mdogo na shangazi, katika vijiji vile saba. Niliandika hapana. Nilikuwa na diploma na miaka miwili ya kukaa nyumbani, Baba Mdogo, na watu wanane nyuma yangu kwenye foleni. Anayedanganya pale anaondolewa. Nikisema huu ni mkono wa mwalimu mstaafu anayewaandikia wasiojua kuandika, wataniuliza nimeujuaje.

Lakini kuna jambo jingine, na hilo ndilo linaloninyima kutulia. Nimezisoma zote. Thelathini na tatu zinaanza hivi: "Sisi tuliozaliwa na maji haya hatuombi sadaka." Hilo ni neno lako. Ulilisema kwenye harusi ya dada yangu na ukalisema tena kwenye mazishi ya Baba. Mama Marie-Rose Ninahazwe, jirani yako, katika barua yake anadai "kukomeshwa kwa utawala wa kigeni juu ya tumbo la mkulima". Mimi nimekulia jikoni kwa Mama Marie-Rose. Sentensi hiyo hakuisema hata alipomkuta mbuzi juu ya kitanda.

Nilitafuta cha kuweka kwenye yale maneno arobaini, nikakosa. Barua arobaini na moja, na hakuna hata moja inayosema mlango wa maji ujengwe wapi.

Walikuambia nini, Baba Mdogo? Nimemtuma Gloriose amuulize pia Mama Marie-Rose. Kama nitapoteza kazi, nataka kujua ninapigania maneno ya nani. Zimebaki siku ishirini na tano.

Generose


Bwegera, 24 Mei 2024

Generose,

Nimeisoma nikiwa nimesimama na ninaijibu nikiwa nimesimama.

Mtu anakuja barazani kwangu, anakuna kichwa, anasema, "Mwalimu, maji hayafiki." Niandike hivyo? Maneno mawili? Watu hawa wamekuwa wakisema maneno mawili tangu wakati wa Wabelgiji, na hakuna aliyewahi kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Nimewavisha. Mtu haendi mbele ya hakimu na nguo za shamba. Kama maneno yamenikaa mimi vizuri kuliko wao, ni kwa sababu wao hawakupewa nafasi ya kuyajaribu.

Wewe nilikufundisha kushika kalamu kwa kukushika vidole. Kanuni ilikuwa juu ya meza, na mimi nilikuwa juu ya meza hiyo hiyo, ukachagua kanuni. Sawa. Halafu unaniuliza walisema nini, kana kwamba mimi ndiye mshtakiwa.

Mchele wa mama yako utaendelea kuja. Barua, hapana.

J.-B. Ngendakumana


Bwegera, 28 Mei 2024

Kwa Generose, mutoto wa marehemu Rénovat,

Ni minye Marie-Rose Ninahazwe. Hii barua naiandikisha kwa Michée wa mashine ya kusaga, kwa sababu Mwalimu amefunga mulango, hasalimie muntu. Michée anaandika vibaya lakini anaandika yenye nasema.

Gloriose ameniambia unauliza nilisema nini kwa Mwalimu. Nilisema hivi. Ule mulango wa maji wa zamani, hata wakiujenga na simenti ya Bujumbura yote, mto utaubeba tena. Mto umehama. Pale pa zamani sasa iko muchanga tu. Wapande juu, hatua mia mbili, kwa shamba ya Ildephonse. Kule chini iko jiwe kubwa, ngombe zinapita hapo na hazizame. Wakijenga juu ya ile jiwe, maji itashuka yenyewe. Nalima karibu na hapo toka nikiwa musichana. Ni hiyo tu nilisema.

Mwalimu aliandika muda mrefu. Nikamuuliza, jiwe umeiweka? Akasema, "Mama, jiwe ni kitu kidogo, hapa tunapigania mambo makubwa." Nikaweka kidole. Muntu akikuandikia bure, utamubishia namna gani?

Ildephonse naye alisema tu mufereji usikate makaburi ya kwao. Gloriose hata hakulalamika, alitaka kujua kama ile mbegu ya mpunga ya siku mia, yenye inaiva upesi, iko. Sasa tunasikia tumetukana watu wa Ulaya. Ildephonse anasema angejua anatukana, angesema zaidi.

Usimukasirikie baba yako mudogo. Moyo iko nao. Masikio ndiyo hana.

Kidole cha Marie-Rose
(Na mimi Michée nakusalimia. Karatasi ina unga, samahani.)


Uvira, 31 Mei 2024

Kwa Bwana Frédéric, Mkuu wa Utawala

Bwana Mkuu,

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nimechoka kufupisha kwa Kifaransa.

Barua za Bwegera, namba 112 hadi 152, ziliandikwa na Jean-Berchmans Ngendakumana, mwalimu mstaafu. Vidole vilivyo chini ni vya watu walio hai, na nawajua wengi wao kwa sura. Ngendakumana ni mdogo wa marehemu baba yangu. Katika fomu yangu ya tarehe 29 Aprili niliandika kwamba sina ndugu bondeni. Niliandika uongo. Sikuusahau, niliuandika nikijua.

Kwa hiyo si lazima uamini ninachosema sasa, lakini kinaweza kupimwa kwa miguu. Watu wale hawakughushi, wala hawakuandika. Walikwenda kwa mtu mwenye kalamu, na kalamu ikawazidi nguvu. Nimeambatanisha barua ya Marie-Rose Ninahazwe, iliyoandikwa na mtu mwingine. Utaona mwandiko. Utaona pia kwamba mchoro wetu wa ujenzi, ule niliounakili mara nne wiki iliyopita, unaweka mlango wa maji mahali ambapo mto haupo tena. Katika ofisi hii yote hakuna aliyelijua hilo. Lilijulikana na mama mmoja asiyejua kusoma, na sisi tulimpa sanduku.

Naomba kabla ya tarehe 15 mtu aende Bwegera na kumsikiliza kila mwenye kidole, kwa mdomo wake. Mpunga unapaswa kuwa kitaluni wiki ya kwanza ya Julai. Wakikosa maji siku hizo hawatakuwa na msimu.

Kuhusu mimi, najua utaratibu.

Generose Irankunda
Msaidizi wa utawala, wa muda


Uvira, 4 Juni 2024

Bi Generose Irankunda,

Tumepokea barua yako. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa cha mkataba, kazi yako inakoma leo. Utarudisha kadi, funguo za kabati la ghorofani na buti za mpira. Cheti cha kazi hakitatolewa.

Kanuni zetu hazina kifungu kinachomhusu anayesema ukweli akiwa amechelewa. Nimetafuta.

Kijiji cha Bwegera kinabaki kimesimamishwa hadi uhakiki. Mimi pamoja na Bi Fanny, mhandisi, tutafika huko Jumanne tarehe 11 Juni. Kila aliyeweka kidole asimame na kusema mwenyewe. Bwana Ngendakumana asiwepo kwenye mkutano, wala asimwandikie mtu yeyote lolote kabla yake.

Frédéric
Mkuu wa Utawala

(Kwa mkono, chini:) Mama yangu pia haandiki. Barua zake hunifikia kila Noeli, na zote zina mwandiko mzuri. Sijawahi kumuuliza ni wa nani.


Bwegera, 13 Juni 2024

Mwanangu,

Nilisema barua, hapana. Nimejizuia wiki tatu, na kwangu hizo ni nyingi.

Walikuja juzi na gari lenye matope hadi kwenye vioo. Shefu wa kijiji alikuwa ameshanisomea amri: Mwalimu abaki kwake. Nikabaki. Lakini mkutano waliufanya chini ya paa la bati la ghala la mpunga, na kutoka kwangu hadi ghalani ni hatua themanini, na ukuta wangu ni wa matete. Sikukaribia. Nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliketi, nikasimama. Nilifagia mahali palipokuwa pamefagiwa. Kila mtu aliposimama kusema, mdomo wangu ulianza sentensi yake kabla yake, na kila mara yeye akaenda njia nyingine.

Generose, sikujua. Nimeishi nao maisha yangu yote. Ildephonse alizungumzia makaburi ya wazazi wake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya chini, kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala. Jirani yangu wa kushoto, ambaye kwa jina lake niliandika kurasa mbili juu ya haki, alisema tu, "Nina mguu mbaya. Mfereji ukiwa karibu nitaweza." Dakika moja haikuisha. Akaketi. Yule mhandisi akauliza, "Karibu kiasi gani?" Nikasikia watu wanainuka, wanakwenda kupima. Mimi sikumuuliza hilo. Alipokuja barazani kwangu na mguu wake nilikuwa nimeshachovya kalamu.

Halafu Marie-Rose. Hakuketi hata kidogo. Aliwaambia wamfuate, wakamfuata wote, gari likabaki. Walipotea saa nzima huko juu. Waliporudi mhandisi alikuwa amelowa hadi kiunoni na alikuwa anacheka. Alikuwa amesimama mwenyewe juu ya jiwe lile.

Kabla hawajaondoka, yule bwana Frédéric aliuliza mbele ya wote: "Basi kwa nini mlimwachia mwalimu aandike mambo ambayo hamkuyasema?" Gloriose, hata sikujua yupo, akajibu: "Kwa sababu akiandika anafurahi." Wakacheka tena. Lakini safari hii, mwanangu, haikuwa kama ile ya ndoo. Nisingeweza kukueleza tofauti yake. Niliingia ndani nikanawa uso.

Bado nasema kanuni yao ni ya kijinga. Bado nasema wanaokuja na sanduku la kuandikia katika nchi isiyo na madawati wanastahili kuchekwa. Sitafuta hata herufi. Lakini hayo yalikuwa maneno yangu, na nilipaswa kuyatia sahihi yangu, barua moja, namba moja. Badala yake niliazima vidole vya watu arobaini na mmoja ili sauti yangu isikike kubwa. Wewe uliona hivyo siku ya kwanza kwenye meza yako, ukiwa na utepe mkononi, na uliogopa kuniambia. Nimejiuliza ni mwalimu wa namna gani anayeogopwa hivyo.

Msamaha sitauandika. Ukija nitausema kwa mdomo, na utaniambia kama umeusikia.

Baba yako mdogo,
Jean-Berchmans


Songo, 20 Juni 2024

Baba Mdogo,

Jumamosi walibandika matokeo kwenye geti. Sikuingia, nilisoma kutoka kwenye mbao. Vijiji vilivyochaguliwa ni Katogota na Bwegera. Askari alinisalimia, "Julai, umetuacha Juni," kisha akaona aibu, akanishikia mkono hadi mahali pakavu.

Lakini usicheze ngoma bado. Bwana Frédéric alinikuta hapo hapo, akaniambia kwamba mchoro mpya utakula wiki mbili na fedha za mawe hazikuongezwa. Maji yatafika mashamba ya juu na ya kati. Ya chini, karibu na barabara, msimu huu hayatapata kitu. Ninajua nani analima kule chini. Mmoja wao ni wewe.

Kama barua zile zingesema juu ya jiwe mwezi wa tano, kama mimi ningesema tarehe 8 badala ya tarehe 31, wiki hizo mbili zingekuwepo. Nimezigawa mara nyingi kichwani, nyingine kwako, nyingine kwangu, na hesabu haikubali.

Nimepeleka maombi ya kazi sehemu tano. Kila fomu inauliza sababu ya kuacha kazi ya mwisho. Naandika ilivyokuwa. Ndiyo maana bado niko nyumbani. Ziwa limeacha kupanda, au limepumzika tu, hakuna anayejua. Mama anasema nitatoboa sakafu kwa kutembea.

Usiache kuwaandikia watu. Lakini kabla hawajaweka kidole, wasomee.

Generose


Bwegera, 14 Julai 2024

Kwa Generose wa Rénovat,

Minye Marie-Rose. Leo anaandika Mwalimu mwenyewe. Nimemuambia aandike yenye nasema, na asipoandika nitajua, kwa sababu Michée iko hapa pembeni, anasoma nyuma ya bega yake. Mwalimu hapendi. Andika hivyo, Mwalimu. Ameandika.

Maji ilifika kwangu Jumanne saa nne ya asubuhi. Ilikuja na majani, na kiatu kimoja ya plastiki, na baadaye ikakuwa safi. Walijenga juu ya ile jiwe. Makaburi ya kina Ildephonse hayakuguswa, mufereji umezunguka. Kitalu changu iko na siku tano, imechelewa, lakini iko kijani. Huku chini kwa barabara hakuna maji. Mwalimu amepanda mihogo. Alitaka kuweka hapa maneno ingine juu ya hiyo mihogo, nimekataza. Ni mihogo tu.

Sasa anatuandikia kwa namna mupya. Muntu anasema, yeye anaandika, anasoma kwa sauti. Muntu anasema hapana, si hivyo, anafuta. Kwangu amefuta mara mbili leo. Inakuwa fupi sana, karatasi moja inatosha bantu watatu. Mwanzo alikuwa anapumua kama muntu anabeba mawe. Sasa iko anazoea. Jana Ildephonse alimaliza kusema, na Mwalimu akamuuliza, "Iko ingine?" Ildephonse akashangaa mpaka akasahau yenye alitaka kuongeza.

Shefu wa kijiji anataka tuandikie Shirika asante. Mwalimu ameniuliza niweke nini. Nimemuambia asante ya maji sitoe, maji inatoka mulimani, haikutoka kwa biro, kwa ofisi yao. Ya simenti, sawa, waandikie asante ya simenti. Lakini minye nilikuwa na asante ingine moja na sikutaka ipotee ndani ya barua ya watu wote. Hiyo ni yako. Wewe ndiye muntu wa kwanza kutuma kuuliza nilisema nini.

Najua kazi iliisha. Sina cha kukurudishia. Nimesikia unatembea-tembea ndani ya nyumba mpaka mama yako anachoka. Kuja utembee huku, kupalilia itaanza mwezi wa nane na migongo yetu haitoshi.

Mwalimu amenisomea yote. Ni hivyo nilisema.

Kidole cha Marie-Rose Ninahazwe

Mwandishi: J.-B. Ngendakumana, ambaye hakuongeza kitu.